Vikuza vinne vya kujua bangi imekomaa: kipi kinamfaa anayevuna mara ya kwanza

Anayelima bangi kwa mara ya kwanza hukosea zaidi siku ya kuvuna kuliko siku ya kupanda. Mmea umekaa naye miezi mitatu, chumba kizima kinanuka, mashada yamejaa, nyuzi nyeupe zimeanza kupiga wekundu, na mkasi uko mezani. Anakata. Akishakausha anabaki na maua mepesi, ya kijani kibichi, yenye harufu ya nyasi, kwa sababu alikata wakati ua lilikuwa bado linajenga ulimbo wake. Wiki mbili za mwisho ndizo maua hunenepa na ulimbo hujaa, na ndizo wiki ambazo macho matupu hudanganya kuliko wakati mwingine wowote.

Dawa ya kosa hili ni kikuza cha bei ndogo. Tatizo ni kwamba madukani kuna vikuza vya kila namna, na namba zinazoandikwa kwenye boksi mara nyingi si za kweli. Hapa tunachambua vya aina nne: lenzi ya sonara, hadubini ya mfukoni yenye taa, hadubini ya USB, na lenzi ya kubana kwenye simu. Tunaeleza pia namna ya kuvitumia, maana kikuza kizuri kikielekezwa kwenye jani badala ya ua kinakupa jibu la uongo.

Kwanza sheria. Uchambuzi huu ni kwa wenzetu wanaoishi mahali ambapo kulima nyumbani kunaruhusiwa. Ujerumani, tangu tarehe 1 Aprili 2024, mtu wa miaka 18 na zaidi anaruhusiwa mimea 3 kwa matumizi yake mwenyewe. Kanada, tangu tarehe 17 Oktoba 2018, nyumba moja inaruhusiwa mimea 4, hata kama wanaishi watu wazima sita, isipokuwa Quebec ambako kulima nyumbani kumepigwa marufuku. Tanzania ina sheria ya mwaka 2015 na Kenya ina ya mwaka 1994, na kote kuwili kulima bangi ni kosa la jinai lenye adhabu nzito. Aliye huko asijaribu yaliyoandikwa hapa.

Unachotafuta kukiona

Ua la bangi likikaribia kukomaa linaonekana kama limenyunyiziwa chumvi. Punje hizo ni trikomu: vinywele vyenye shina na kichwa, kama pini ya fundi cherehani. Ulimbo unatengenezwa kichwani, na ndani ya ulimbo huo ndimo mlimo THC, yaani kemikali inayolevya, na mafuta ya harufu. Zipo trikomu nyingine fupi zisizo na shina, na vinywele vingine visivyo na kichwa kabisa. Hizo ziache. Tazama zile ndefu, zenye kichwa cha duara.

Kichwa hicho hupita hatua tatu. Mwanzo kinapenyeza mwanga kama tone la maji. Kisha kinapata weupe kidogo kidogo, mpaka huwezi kuona upande wa pili. Mwisho kinageuka rangi ya kaharabu, kama asali. Aliyewahi kukamua nazi ataelewa kwa haraka: maji matupu ni ua changa, tui jepesi ni ua linalokaribia, tui zito ni ua lililokomaa. Shida kubwa ya mkulima mgeni iko hapo katikati, kutofautisha tui jepesi na tui zito, na kikuza kibovu kinafelia hapo hapo.

THC huwa nyingi zaidi vichwa vingi vikiwa tui zito. Baada ya hapo hewa, mwanga na joto huanza kuivunja kuwa CBN, kemikali nyingine ya bangi, na kaharabu ndiyo dalili ya uzee huo. Wakulima wengi husema kaharabu nyingi huleta usingizi na uzito wa mwili. Ushahidi wa kitaalamu kuhusu CBN na usingizi bado ni mwembamba, kwa hiyo chukua maneno hayo kama uzoefu wa watumiaji. Kipimo kinachotumika sana kwa mavuno ya kawaida ni hiki: vichwa vya maji viwe vimekwisha au vimebaki vichache mno, vingi viwe tui zito, na kati ya 10 na 20 katika kila 100 viwe kaharabu.

Sasa hesabu ndogo inayoamua ununue nini. Kichwa cha trikomu kina upana wa takriban sehemu ya kumi ya milimita, mara nyingi chini ya hapo. Kikikuzwa mara 10 kinaonekana kama milimita 1: unaona kipo, rangi yake unabahatisha. Mara 30, milimita 3: rangi inaanza kusomeka. Mara 60, milimita 6, sawa na punje nono ya pilipili manga, na hapo tofauti ya tui jepesi na tui zito iko wazi. Mara 100 ni sentimita nzima, lakini na mtikisiko wa mkono nao umekuzwa mara 100. Mkono ukitetema nusu milimita, picha inaruka sentimita 5 mbele ya jicho. Ndiyo maana namba kubwa kuliko zote si nzuri kuliko zote.

Lenzi ya sonara

Hii ndiyo lenzi ndogo ya kukunja anayoitumia sonara kutazama vito. Ni imara, haina cha kuharibika, na inaingia mfuko wa shati. Ya mara 10 iliyotengenezwa vizuri inakupa picha safi, nayo inafaa sana kwa kazi nyingine za shambani: kuwaona utitiri chini ya jani, mayai ya wadudu, na mwanzo wa kuvu. Kwa kuamua siku ya kuvuna haitoshi.

Wengi hukimbilia zile zilizoandikwa "30" au "60" kwa bei ya chini. Hapo ndipo penye udanganyifu mkubwa, na unaweza kuugundua ukiwa na rula tu. Weka gazeti mezani, shika lenzi karibu kabisa na jicho, shusha kichwa mpaka herufi ziwe kali, kisha mwombe mtu apime umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye karatasi. Gawanya sentimita 25 kwa umbali huo. Herufi zikiwa kali kwenye sentimita 2.5, lenzi yako ni ya mara 10, hata kama ubavuni imechorwa 30. Lenzi ya kweli ya mara 30 hukaa milimita 8 tu juu ya kitu, na kioo chake ni kidogo, karibu ukubwa wa kitufe cha shati. Kioo kipana cha milimita 21 na nguvu ya mara 30 haviendi pamoja. Ukiviona vyote viwili kwenye tangazo moja, usinunue.

Hata ile ya kweli ya mara 30 ina usumbufu wake. Katika milimita 8, pua na paji la uso vinaingia kwenye shada, kivuli chako kinaangukia ua, na pumzi inatikisa kila kitu. Inawezekana kuitumia, ila kwa kukata kipande na kukitazama mezani, na penye mwanga wa dirisha.

Hadubini ya mfukoni

Hii ndiyo tunayompendekezea anayevuna mara ya kwanza. Ni bomba dogo la plastiki, urefu wa kidole cha kati, lina gurudumu la kurekebisha ukali wa picha na taa ya LED inayomulika pale unapotazama. Hupatikana za mara 60 na za mara 60 hadi 120. Chukua ya 60. Zenye kupanda hadi 120 zina picha yenye giza zikifika juu, na mgeni hupoteza muda akitafuta alipo.

Uzuri wake mkubwa ni mguu. Ncha ya bomba inakaa juu ya kitu chenyewe, kwa hiyo umbali haubadiliki na mtikisiko unapungua. Kwa mkulima wa mimea mitatu hilo lina thamani kuliko ubora wa kioo.

Kasoro zake ni za kuzijua mapema. Picha nyingi huonekana kichwa chini miguu juu, na ukisogeza kulia inakwenda kushoto. Dakika kumi za mazoezi kwenye noti ya yuro zinatosha kuzoea. Taa ya LED ya bei nafuu ina ubuluu, nayo huipausha kaharabu nyepesi ionekane kama tui. Dawa yake ni kuzima taa hiyo na kutumia mwanga wa mchana, au kubandika kipande chembamba cha karatasi nyeupe mbele ya taa kupunguza ukali. Nyingi zina taa ya pili ya urujuani ya kukagulia noti. Hiyo haina kazi hapa, iache ikiwa imezimwa. Betri zake ni zile za kitufe. Nyumbani kwenye watoto hakikisha kifuniko cha betri kinafungwa kwa skrubu, kwa kuwa betri ya kitufe ikimezwa inaunguza koo la mtoto ndani ya saa chache.

Ulimbo hauchelewi kuinasa ncha. Ukishatazama mashada manne au matano, kioo cha chini kinapata utando na kila trikomu inaonekana ya ukungu. Mkulima anadhani mmea umekomaa kwa siku moja, kumbe kioo kimechafuka. Kabla ya kila ukaguzi futa ncha kwa pamba ya masikio iliyochovywa kwenye spiriti ya isopropili, uiache ikauke. Usitumie asetoni, inakula plastiki.

Hadubini ya USB

Inachomekwa kwenye kompyuta, na nyingine kwenye simu, kisha picha inatokea kwenye skrini. Puuza kabisa maandishi ya "mara 1000". Skrini kubwa inaikuza picha ile ile bila kuongeza undani, na kwa kawaida kazi nzuri hufanyika chini ya mara 200.

Faida yake ya kweli ni kumbukumbu. Unapiga picha ya shada lile lile Jumatatu, Alhamisi na Jumapili, unaziweka sambamba, na mabadiliko unayaona bila kubishana na kumbukumbu ya kichwani. Kuhesabu vichwa nako kunakuwa rahisi kwa sababu picha imetulia. Kwa mwenye mimea ya aina mbili tofauti, au anayetaka kuweka daftari la msimu hadi msimu, inalipa.

Ila ina mambo mawili. Bila stendi haifai kitu, na stendi inayokuja nayo mara nyingi ni laini inayoyumba, kwa hiyo kata kipande na ukilaze mezani, usijaribu kuipeleka kwenye mmea. La pili ni rangi. Kamera hujirekebishia weupe yenyewe, na picha mbili za kipande kimoja zinaweza kutoka moja ya njano na nyingine ya buluu. Weka kipande cha karatasi nyeupe ndani ya picha kila mara. Karatasi ikionekana ya njano, ujue na kaharabu unayoiona ni ya kamera.

Lenzi ya kubana kwenye simu

Haraka tu: inafaa kupiga picha za kumwonyesha rafiki na kuona kama trikomu zimejaa. Kuona vichwa vya maji matupu inaweza. Kuhesabu kaharabu haiwezi, isipokuwa simu yako ina kamera nzuri sana na una stendi. Kama tayari unayo, itumie hadi wiki ya sita ya maua, kisha tafuta hadubini.

Namna ya kutazama

Anza ukaguzi wiki ya sita ya maua kwa aina inayotangazwa kuwa ya wiki 8 au 9. Tazama kila baada ya siku tatu, na ukishaona kaharabu ya kwanza tazama kila siku.

Zima taa za kukuzia kabla ya kuangalia rangi. Taa ya sodiamu ina njano inayogeuza kila kichwa kuwa kaharabu, na zile za LED za zambarau haziachi rangi yoyote isomeke. Mwanga wa dirishani mchana ndio bora, na taa nyeupe ya kawaida ya chumbani inafuata.

Chukua mkasi mdogo wa kucha, ukate kikombe kimoja cha ua, kipande cha ukubwa wa punje ya mchele. Vikombe ni yale matone ya kijani yaliyofura ambayo nyuzi hutokea kwenye ncha yake. Usikate jani dogo lenye chumvi linalochomoza kwenye shada. Hilo ndilo kosa linalorudiwa kuliko yote. Trikomu za jani hugeuka kaharabu siku nyingi kabla ya zile za kikombe, kwa hiyo anayetazama jani anavuna mapema huku akiapa kwamba amehesabu. Shika kipande kwa kibano kwenye upande uliokatwa, usiguse uso wake. Kichwa kilichopasuka kinamwaga ulimbo, na ulimbo uliomwagika unafanana na kaharabu.

Kilaze kwenye kadi nyeusi. Weusi wa nyuma unasaidia, maana kichwa cha maji kitaonyesha weusi kupitia kwake na kichwa cha tui hakitaonyesha. Weka viwiko vyote mezani, simamisha hadubini juu ya kipande, zungusha gurudumu polepole mpaka mashina yawe makali, kisha endelea kidogo hadi vichwa. Utaona doa jeupe linalometa juu ya kila kichwa. Hilo ni taa inayojitazama, si rangi ya kichwa. Soma rangi pembeni ya doa.

Hesabu vichwa 20, uandike maji mangapi, tui ngapi, kaharabu ngapi. Rudia kwa kipande cha shada la katikati na cha shada la chini. Sitini jumla. Kaharabu zikiwa kati ya 6 na 12 katika hizo 60, na maji yasizidi mawili matatu, umefika. Anayehesabu kipande kimoja cha kileleni peke yake anapata jibu la kilele, kwa kuwa sehemu iliyo karibu na taa hutangulia kukomaa.

Dalili ambazo kikuza hakizioni

Nyuzi, yaani zile nywele ndefu zinazotoka kwenye vikombe, huanza nyeupe zikiwa zimesimama, kisha hugeuka rangi ya chungwa au kahawia na kujikunja ndani. Zikiwa zimegeuka saba hadi tisa katika kila kumi, ni wakati wa kutazama kwa makini. Peke yake hazitoshi kutoa hukumu. Kuguswaguswa, feni inayopuliza moja kwa moja, na joto la taa vyote huzikausha kabla ya wakati. Chavua nayo huzigeuza rangi ndani ya siku chache, na vikombe vinafura kwa mbegu: kwa mbali mmea unaonekana umekomaa kabisa. Pasua kikombe kimoja kwa kucha. Ukikuta mbegu, tafuta kwenye mashada vijiti vya njano vyenye umbo la ndizi. Hizo ni sehemu za kiume zilizotokea kwenye mmea wa kike, mara nyingi kwa sababu ya joto au mwanga uliopenya wakati wa giza.

Upo pia mmea unaokataa kuacha kutoa nyuzi nyeupe. Vikombe vipya vinapandana kama mkia juu ya shada la zamani, hasa taa ikiwa karibu mno. Usingojee hizo nyuzi mpya zigeuke, utangoja mwezi. Chukua kipande kwenye shada la zamani, chini ya mkia.

Hesabu ya siku nayo ina mtego. Muuza mbegu akiandika wiki 8, wengine huhesabu tangu mwanga ulipopunguzwa kuwa saa 12 kwa siku, wengine tangu nyuzi za kwanza zilipotokea, na kati ya hizo mbili kuna wiki moja hadi mbili. Ongeza siku 7 hadi 14 juu ya namba ya pakiti uwe na matarajio ya haki. Aina zinazochanua zenyewe bila kujali urefu wa usiku huhesabiwa tangu mbegu ilipoota, na nyingi huchukua kati ya siku 70 na 90.

Aina nyingine, hasa zile ndefu za majani membamba zinazohitaji wiki 11 au 12, hazipati kaharabu ya maana. Vichwa vyake hukaa tui zito wiki nzima, kisha nyingine. Kwa hizo, tui zito kote, nyuzi zimejikunja na vikombe vimefura ni ruhusa tosha. Ziko pia zenye vichwa vya zambarau tangu mwanzo, ambazo unasoma upenyezaji wa mwanga na si rangi.

Kitu kimoja kinafuta hesabu zote: kuvu ya kijivu. Kwa anayelima nje Ujerumani, ambako bangi ya kawaida hukomaa mwisho wa Septemba hadi Oktoba pamoja na mvua, huyu ndiye adui mkubwa. Anaanzia ndani ya shada nene, mahali hadubini haifiki. Dalili ya kwanza ni jani moja dogo lililonyauka peke yake katikati ya shada la kijani. Ukilivuta linatoka bila ubishi, na ndani unakuta kahawia laini yenye vumbi la kijivu. Ukiiona, usingojee kaharabu. Kata kilichooza pamoja na sentimita kadhaa za sehemu nzima kuzunguka, kitupe, na uvune mashada mengine makubwa siku hiyo hiyo hata kama vichwa ni tui jepesi. Usijaribu kukausha na kuvuta sehemu yenye kuvu, inadhuru mapafu. Kwenye nyanda za Alberta na Saskatchewan, Kanada, mshindani ni jalidi, ambayo inaweza kuja Septemba. Huko mwenye kulima nje achague mbegu za kuwahi tangu mwanzo, kwa kuwa hakuna kikuza kitakachomwongezea wiki.

Kukata kwa awamu, na gramu 50

Kwa kuwa kilele hutangulia, huna lazima ya kukata mmea mzima siku moja. Kata mashada ya juu yakifikia kipimo, ya chini yaache wiki moja zaidi. Yakipata mwanga yatanenepa. Hadubini inalipa gharama yake hapa, maana bila kuhesabu vipande vya chini huwezi kujua yamebakiza siku ngapi.

Ujerumani kuna sababu ya ziada ya kupanga awamu. Nyumbani unaruhusiwa kuwa na gramu 50 za bangi iliyokauka, na kugawia jirani au rafiki ulicholima hakuruhusiwi. Ua bichi hupoteza takriban robo tatu hadi nne ya tano ya uzito wake likikauka, yaani linabaki moja ya tano hadi moja ya nne, kwa hiyo gramu 50 kavu ni sawa na gramu 200 hadi 250 za maua mabichi yaliyosafishwa majani. Mimea mitatu yenye afya inazidi hapo kwa urahisi. Afadhali kupanda kwa kupishana, mmoja mmoja, kuliko kukomaza mitatu kwa pamoja na kuwa na ziada isiyo halali ndani ya nyumba.

Mambo mawili yanayosemwa sana kabla ya kuvuna, kuuacha mmea gizani saa 48 na kuumwagia maji matupu yasiyo na mbolea wiki mbili, hayana ushahidi wa nguvu. La maji halina madhara likiwa la siku chache. La giza linaongeza hatari ya unyevu kwenye chumba chenye hewa nzito.

Unachopata kwa bei

Lenzi ya kweli ya mara 10: nunua kwa ajili ya wadudu, ikae na vifaa vyako miaka yote. Hadubini ya mfukoni ya mara 60: nunua kwa ajili ya mavuno, hata kama ni kifaa kimoja tu unachoweza kumudu. Ukiwa dukani, iwashe, itazame noti, na hakikisha gurudumu halilegei peke yake ukiondoa kidole. Likilegea, rudisha, kwa kuwa picha itapotea kila ukipumua. Ya USB: msimu wa pili, ukishajua unachotafuta. Ya simu: usinunue kwa kazi hii.

Ukishakata, ning'iniza matawi kwenye chumba chenye giza, nyuzijoto 15 hadi 20, unyevu wa hewa asilimia 50 hadi 60, feni ikipuliza ukutani na si kwenye maua. Siku 7 hadi 14, mpaka kitawi chembamba kivunjike kwa mlio badala ya kupinda. Kisha weka kwenye mitungi ya kioo, ujaze robo tatu tu, ufungue dakika chache kila siku kwa wiki mbili za kwanza. Mtungi ukifunguliwa ukatoa harufu ya amonia, maua yaliingia mabichi: yatoe, yatandaze kwenye karatasi siku nzima, ndipo uyarudishe. Fungia kabatini, mbali na watoto.